Damu ya Ndani Haingoji Jumatatu

Wasee, leo nimekasirika, kwa hivyo nivumilieni.

Mwaka jana binamu yangu alianguka na nduthi Jumamosi jioni. Yeye ndiye alikuwa amebebwa. Akasimama mwenyewe, akajipangusa vumbi, akatutumia hata voisi akicheka. Saa moja baadaye tumbo likaanza kumuuma upande wa kushoto, chini ya mbavu. Tukampeleka hospitali iliyo karibu. Presha wakapima, wakasema iko sawa. Wakamwandikia karatasi aende ultrasaundi. Poa, lakini chumba cha ultrasaundi kilikuwa na kufuli. Mwenye kupiga picha alikuwa ametoka saa kumi na moja na angerudi Jumatatu. Ama tumpeleke kwingine, ama arudi nyumbani na dawa ya maumivu. Chagueni.

Tulipofika hospitali ya pili alikuwa anatoka jasho baridi na anaongea vitu havieleweki. Daktari tuliyempata, msichana ambaye hawezi kuwa amenizidi miaka mingi, hakumtuma popote. Alivuta kimashine cha magurudumu hadi kando ya kitanda, akapaka jeli, akaweka probu sehemu tatu tumboni na moja chini ya kifua. Dakika tano hazikuisha. "Kuna damu tumboni. Mwite daktari wa upasuaji, sasa hivi." Bandama ilikuwa imepasuka. Yuko hai, ana kovu refu, na hapandi tena nduthi.

Kitu kinaniuma hadi leo ni hiki: hospitali zote mbili zilikuwa na mashine. Ile ya kwanza labda ilikuwa na nzuri zaidi. Ilikuwa tu imefungiwa.

Alichofanya yule daktari si uchawi na si jambo la jana. Kinaitwa FAST. Wajerumani walikuwa wanatumia ultrasaundi kwa waliojeruhiwa tumbo tangu miaka ya 1970, na jina lenyewe likaenea miaka ya 1990. Unauliza swali moja peke yake: kuna damu mahali haifai kuwa? Unaangalia kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, karibu na kibofu, halafu kuzunguka moyo. Damu iliyomwagika inaonekana nyeusi kwenye skrini. Ukiiona nyeusi hiyo kwa mtu aliyegongwa, na hali yake inazorota, unakimbia naye kwa upasuaji. Huendi kwanza kupanga foleni ya picha.

Na ile presha "iko sawa"? Hiyo ndiyo inatumaliza sisi vijana. Mwili wa mtu wa miaka 20 unajikaza. Unaweza kumwaga karibu lita moja ya damu ndani na presha bado inasoma vizuri, kisha inaanguka ghafla. Kwa hivyo mtu akiwa ameanguka vibaya na anasema tumbo linauma, usimwangalie uso ukasema ako fiti.

Wasichana, hii yenu ni mbaya hata zaidi. Kenya hii kila tumbo likiuma ni ulsa. Umekula pilipili, umeruka chakula cha mchana, chukua dawa ya gesi uende. Sasa chukua msichana ambaye hajaona siku zake wiki kadhaa, tumbo la chini linamkata, akisimama anaona giza. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Kipimo cha mimba kinauzwa kwa duka la dawa, bei ya chipo na soda. Kikisema ndiyo, na probu ionyeshe damu tumboni, jibu liko karibu kabisa. Vitu viwili. Badala yake anaandikiwa ulsa, na pengine anaulizwa maswali ya aibu mbele ya mamake.

Najua wataalamu wa picha watanijia. Watasema mtu asiyefunzwa akishika probu atadanganya watu. Nusu ya hiyo ni kweli, sitabishana. Damu ikiwa bado kidogo, FAST inaweza isiione. Utumbo uliotoboka unaweza kupita bila kuonekana. Kwa hivyo "sijaona damu" haimaanishi "nenda nyumbani", inamaanisha kaa hapa tukuangalie, tupime tena, na ukiwa umetulia ufanyiwe sitiskani kama ipo. Hayo yote yanafunzwa. Lakini tusijifanye tunalinganisha probu na sitiskani. Jumamosi usiku katika hospitali nyingi tunalinganisha probu na kufuli.

Na msiniambie ni doh. Mwaka 2015 serikali ilianza ule mpango wa kukodisha mashine za hospitali za kaunti. Kila kaunti ilikatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapanda hadi milioni 200. Maseneta walipochunguza, ripoti yao ya 2020 ikasema vifaa vingine vilikuwa vimekaa tu kwa kukosa wahudumu au stima au maji. Kwa upande mwingine kuna probu ya kuchomeka kwa simu ambayo ilipoanza kuuzwa ilikuwa karibu dola 2,000, na programu yake unailipia kila mwaka. Si rahisi, lakini ni kama nduthi mpya na kidogo juu. Mwaka 2022 mamia ya wakunga Wakenya walipewa probu za aina hiyo na wakafunzwa kuzitumia kwa wajawazito. Kama mkunga wa kituo cha afya anaweza kufunzwa kumwangalia mtoto tumboni, afisa wa kliniki wa zamu ya usiku anashindwa aje kuangalia damu?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakijasema isipokuwa wikendi.

Kwa hivyo sitaki jengo jipya, sitaki utepe ukatwe. Nataka mashine moja ikae kwenye chumba cha dharura, usiku na mchana, na kila anayeingia zamu awe amefunzwa kuitumia. Mahali mashine tayari iko, mtoe kufuli leo.

Nimemtumia mwakilishi wadi wetu haya yote kwa WhatsApp, na swali moja: hospitali yetu ina watu wangapi wanaojua kufanya FAST saa nane usiku? Tiki zimekuwa za bluu tangu Jumanne.