Sitara Imwachayo Mtoto Wazi

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi: ndivyo tulivyolelewa, na juu ya msingi huo watu wengi, wakiwamo matabibu na wauguzi, wamejenga itikadi kwamba mtoto aletwapo hospitali na mzaziwe, kauli ya mzazi yatosha, na kuuliza zaidi ni kuvunja sitara ya nyumba ya watu. Itikadi hiyo mimi naipinga, kwa kuwa sitara hiyo humfunika mtu mzima na kumwacha mtoto wazi.

Wala si wajinga peke yao waliopumbazwa nayo. Mwaka 1860, mjini Paris, Ambroise Tardieu alieleza habari za watoto 32 walioteswa, wengi wao kwa mikono ya wazazi wenyewe, na matabibu wa zama zake wakalipita neno lake kana kwamba hawakulisikia. Mwaka 1946 John Caffey wa New York aliwaeleza watoto 6 waliovuja damu juu ya ubongo na kuvunjika mifupa, asitamke bayana ni kwa mkono wa nani. Hata ulipofika mwaka 1962 ndipo Henry Kempe na wenziwe wa Colorado walipolipa jambo hilo jina. Karne nzima alama zilikuwapo miilini mwa watoto. Kilichokosekana ni kukubali kwamba mzazi aweza.

Na alama zenyewe aghalabu hazitaki mitambo. Mtoto asiyeanza kutambaa hana mbio za kumwangusha, basi damu iliyovilia mwilini mwake, hata kama ni doa la ukubwa wa ncha ya kidole, yataka maelezo. Na mtoto wa chini ya miaka 4 aliyevilia damu sikioni, shingoni au kifuani ni nadra kuipata mchezoni, kwani achezaye huumia magoti na paji la uso. Maji ya moto yamwagikapo kwa ajali hutiririka na kuunguza ovyo ovyo, bali mguu uliotumbukizwa kwa nguvu huungua hadi mpaka mmoja, mfano wa soksi.

Wataniambia: je, mzazi asiye na hatia? Nami nakiri kwamba mabaka ya samawati wazaliwayo nayo watoto wetu matakoni huweza kudhaniwa mapigo, na kwamba ufukara si uovu. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, imwajibishayo kila mwanajamii mwenye habari kuifikisha kwa serikali ya mtaa, humlenga mzazi awezaye kumlisha na kumtibu mwanawe naye akakataa, si yule asiye nacho. Lakini kuuliza si kuhukumu. Tabibu si kadhi: wajibu wake ni kuiandika kauli ya mzazi kama ilivyotamkwa, kuipima kwa umri wa mtoto na kwa jeraha lenyewe, na zisipolingana amwite afisa wa ustawi wa jamii kabla mtoto hajarudishwa nyumbani.

Alama ndogo ya leo hupona bila dawa, na kwa hiyo hupuuzwa. Mtoto yule yule, aletwapo mara ya pili, huenda akaletwa amezimia. Uchungu wa mwana, basi, aujuaye kwanza ni mwana mwenyewe, naye kabla hajajua kusema hana ulimi ila ngozi yake.