Hofu si Dhambi

Juma hili twataka kunena juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho, nao ni ugonjwa wa hofu.

Kisiwani Idjwi twamjua mama mmoja, mke wa mkulima, ambaye jina lake twalificha. Kwa miaka mingi alivuka Ziwa Kivu kupeleka mananasi sokoni Bukavu, akarudi na chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo MV Merdi, kilichotoka Minova, kilizama karibu kabisa na gati ya Kituku mjini Goma, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliosimama pwani. Mama huyu hakuwamo chomboni, wala hakufiwa na ndugu. Lakini tangu siku zile, kila aliposhuka ziwani na kikapu chake, moyo ulimwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakatika, akaona ya kuwa anakufa saa ile ile. Baadaye hofu ikamfuata hata jikoni, hata kanisani, hata kitandani usiku. Mananasi yakaozea shambani, na karo ya kijana wake wa sekondari ikakosekana.

Washauri hawakukosekana. Jirani alisema amerogwa. Mumewe alisema ni uvivu. Wengine walimpa kasiksi ili apate usingizi. Na sisi je? Yatupasa kuungama. Sisi tulimwambia azidishe Rozari, kwa kuwa imani yake imepungua. Akaenda zake akilia, maana sasa alibeba mizigo miwili: hofu yenyewe, na aibu ya kuwa Mkristu mbaya.

Tulikosa. Bwana Wetu mwenyewe, usiku ule wa Getsemani, alishikwa na fadhaa kuu hata mwili wake ukatoka jasho la ajabu, tena alitaka rafiki zake wakeshe karibu naye. Nani atathubutu kusema ya kuwa imani yake ilipungua?

Mungu ameweka katika mwili wetu kengele ya hatari. Tukiona nyoka, moyo hupiga upesi, damu hukimbilia miguuni, nasi twapata nguvu ya kukimbia. Kwa mgonjwa wa hofu kengele hiyo yalia, wala nyoka hayupo. Shambulio hilo hutisha mno, lakini lenyewe haliui. Kwa kawaida hufika kilele kwa dakika chache, kisha hupungua. Wala si ugonjwa wa watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 301 duniani mwaka 2019.

Mwishowe mama wetu alikwenda kwenye kituo cha afya papo hapo kisiwani. Muuguzi alimpima kwanza moyo, mapafu na damu, maana yako magonjwa mengine yanayofanana na huo. Alipoona mwili ni mzima, hakumcheka, bali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimfundisha kuvuta pumzi polepole, akampa kazi ya kila juma: kwanza kusimama ufukoni pamoja na mumewe, halafu kuketi katika mtumbwi uliofungwa, halafu kupiga makasia karibu na nchi kavu. Ndiyo njia wanayoisifu waganga wa akili. Kuikimbia hofu ni kuilisha. Kuikabili kidogo kidogo ni kuidhoofisha.

Wako wanaohitaji dawa pia. Hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na mgonjwa asiziache ghafula bila shauri la daktari. Pombe, kinyume chake, hutuliza jioni na kuzidisha hofu asubuhi.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa mwaka 1994, nchi yetu ilipojaa wakimbizi kutoka Rwanda, Mabruda wa Upendo walifungua kituo cha SOSAME mjini Bukavu kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Shirika lao lilianzishwa na Padre Petrus Jozef Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Walijua ya kuwa vita huvunja mioyo kama inavyovunja nyumba. Kuingia mlango wa namna hiyo si aibu, kama vile si aibu kutibiwa malaria.

Mama yule amekwisha kuvuka tena. Mumewe aliketi karibu naye, ameshika kikapu. Mikono yake ilitetemeka tangu gati hata gati, nayo hofu haijakwisha kabisa. Lakini mananasi yalifika sokoni. Njiani alisali Rozari yake, wala safari hii hapana aliyemwambia ya kuwa haitoshi.

Basi, akina baba na akina mama, mtu wa nyumbani mwenu akisema moyo wake waenda mbio bila sababu, msimcheke wala msimhukumu. Ketini naye, msikilizeni, kisha mfuatane naye kwa muuguzi. Mwombeeni pia, lakini msimwache aende peke yake.