Kodi ya majengo izime moto

Kiangazi kinapoingia na kusi kuanza kuvuma, pwani yetu hukauka kuanzia Somanga hadi Lindi. Makuti huwa makavu kama karatasi, na katika mitaa ambayo nyumba zimesogeleana, cheche ya jiko moja yatosha kuhamisha moto kutoka paa hadi paa kabla majirani hawajapata ndoo. Saa hiyo hakuna anayeuliza juu ya kodi. Kila mtu huuliza maji yako wapi na gari la zimamoto liko wapi. Lakini jibu la maswali hayo hutayarishwa miaka mingi kabla ya moto kuwaka, katika vikao vya bajeti, pale inapoamuliwa nani alipe, alipe kiasi gani, na fedha zake ziende wapi. Ndiyo maana leo twapenda kulizungumza jambo hili wakati hakuna moshi.

Ulinzi wa moto ni huduma ya mahali. Kutoka mjini Lindi, makao makuu ya mkoa, hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa zaidi ya kilometa 150. Gari likitoka Lindi kwa kasi zote, likifika Kivinje litakuta majivu. Na Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara, gari halifiki kabisa, kwa kuwa haliwezi kuvuka bahari ndani ya jahazi. Kwa hiyo haitoshi mkoa kuwa na kikosi cha zimamoto. Lazima kila wilaya na kila mji mdogo uwe na chake, na visiwa viwe na pampu za kubeba mikononi na vijana waliofundishwa kuzitumia.

Yaliyotokea mjini Lindi kwenyewe bado hatujayasahau. Mwezi Julai 2016 moto uliteketeza madarasa ya Shule ya Sekondari Lindi, na baada ya hapo wananchi na viongozi, wa ndani na wa nje ya mkoa, wakaombwa michango ili yajengwe upya. Waliochanga walifanya jambo jema, na twawashukuru. Lakini tuukubali ukweli uliojificha humo. Mchango wa baada ya moto nao ni kodi, ila ni kodi isiyo na haki, kwa sababu mwenye huruma huilipa na asiye na huruma husamehewa. Tena hulipwa wakati mali imekwisha potea. Ni heri kila mwenye jengo alipe kidogo mapema, kwa kipimo kinachojulikana.

Kipimo hicho hasa ndicho kinachotusumbua. Sheria ya mwaka 1983 ya kutoza kodi ya majengo katika miji ilikusudia jengo litozwe kwa thamani yake, na fedha zihudumie mji ule ule. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi hiyo ilihamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa, vikafika shilingi 18,000 na shilingi 90,000 kwa mwaka. Huduma ya zimamoto nayo, iliyokuwa mikononi mwa halmashauri, iliwekwa chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji katika Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sheria ya mwaka 2007.

Mgala muue na haki umpe. Njia ya LUKU ina sifa zake. Imepunguza foleni, imefunga mianya ya wakusanyaji wasio waaminifu, na imewafikia wengi ambao zamani hawakulipa hata senti moja. Halmashauri nyingi hazikuwa na wathamini wa kutosha, na majengo mengi hayakuwahi kuthaminiwa. Waliobuni njia hii walikuwa na sababu. Lakini wepesi wa kukusanya si haki ya kutoza, na kwa maoni yetu njia hii ina kasoro tatu.

Kwanza, nyumba ya vyumba viwili ya mvuvi wa Kivinje na jumba kubwa la kifahari lisilo na ghorofa lililojengwa ufukweni huhesabiwa zote kuwa nyumba za kawaida, na kutozwa sawasawa. Mmoja akiunguliwa hupoteza kitanda na nyavu. Mwingine hupoteza mamilioni. Jeshi la Zimamoto litatumia maji na mafuta mengi zaidi kuliokoa jumba kuliko kibanda, lakini wote wawili wamelilipia sawa.

Pili, mwenye kulipa si mwenye jengo. Kodi hii ni ya mmiliki, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Wapangaji waliambiwa wapatane na wenye nyumba ili wakatiwe katika pango. Twauliza: ni mpangaji gani wa chumba kimoja atakayemkabili mwenye nyumba wake juu ya shilingi 1,500, naye anajua kuwa notisi ya kuhama ni neno moja tu?

Tatu, umeme si kipimo cha mali wala cha hatari. Ghala lisilo na mita laweza kujaa ufuta, korosho au magunia ya mkaa. Wala paa si kipimo cha utajiri. Katika fukwe zetu kuna hoteli zilizoezekwa makuti kwa ajili ya kupendeza, na ng'ambo ya barabara kuna mjane aliyeezeka makuti kwa kukosa bati. Moto hauwatofautishi watu hao wawili, lakini kodi yapaswa kuwatofautisha.

Watu wa upande huu wa nchi hawahitaji kufundishwa ubaya wa kutozwa bila kupimwa. Utawala wa Wajerumani ulipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kibanda cha shamba kilidaiwa rupia tatu, bila kujali kama mvua ilinyesha au la. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu, ilikuwa miongoni mwa machungu yaliyowasha Vita vya Majimaji katika milima ya Umatumbi, humu humu Kilwa, mwezi Julai 1905. Hatusemi kwamba serikali yetu ni sawa na ile. Ile ilikuwa ya mabavu, hii ni ya wananchi. Twasema tu kwamba kutoza vibanda kwa idadi yake ni desturi tuliyorithi, nayo haikustahili kurithiwa.

Wengine duniani walikwisha pita njia hii. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, makampuni ya bima yaliunda vikosi vyake ili kulinda nyumba zilizokatiwa bima. Ilichukua miaka karibu 200 mji ule kukubali kwamba moto wa jirani ni wa mji mzima. Sheria ya mwaka 1865 ilianzisha kikosi cha umma kilichogharimiwa kwa kodi ya majengo, kwa fungu la serikali, na kwa mchango wa makampuni ya bima wa paundi 35 kwa kila paundi milioni moja ya mali waliyoikatia bima. Kila mmoja alichangia kwa kadiri ya alichokuwa nacho cha kuungua.

Sisi twapendekeza mambo yanayowezekana. Majengo yagawanywe katika madaraja manne au matano kwa ukubwa, matumizi na mahali yalipo. Kazi hiyo haihitaji mthamini kutoka mbali. Yahitaji utepe wa kupimia, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na ofisa wa halmashauri. Orodha ibandikwe hadharani ili kila mtu aone daraja lake na la jirani yake, na apewe muda wa kukata rufaa. Vituo vya mafuta, maghala, hoteli na majumba ya biashara viwe katika madaraja ya juu, kwa sababu vina thamani kubwa na vina hatari kubwa. Wanaosamehewa, kama wazee wa zaidi ya miaka 60 wanaoishi katika nyumba zao, waendelee kusamehewa. Na zile nyumba kongwe za mawe za Kivinje, ambazo warithi wake ni wengi na uwezo wao ni mdogo, zisitozwe kwa unene wa kuta zake.

Lakini haki ya kutoza ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kurudi kwa fedha. Halmashauri zilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma za miji zilizorota hata ikabidi mwaka 1978 itungwe sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Tulijifunza wakati ule kwamba mji hauendeshwi kutoka mbali. Basi sheria itenge fungu maalumu la kodi ya majengo kwa ajili ya zimamoto katika wilaya ile ile ilikokusanywa, na kila mwaka wananchi wasomewe hesabu: zimeingia kiasi gani, na zimenunua nini. Mwananchi akiona tenki la maji, bomba la kuzimia moto na vijana walio tayari, hatahitaji kubembelezwa alipe.

Watakaosema kwamba wakati wake haujafika watazame Kilwa Masoko. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023. Bandari huja na maghala, mafuta, vyumba vya baridi na nyumba za kupanga, na thamani ya ardhi hupanda kwa wachache wenye viwanja. Ni haki wachache hao wachangie ulinzi wa mji unaowatajirisha, na ni rahisi zaidi kupanga hayo sasa kuliko baadaye.

Twawaomba waheshimiwa madiwani na wabunge wa mkoa wetu walipeleke jambo hili mbele katika vikao vijavyo vya bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ulioungua hujengwa kwa gharama ya wasiokuwa nazo.