Aliyenyoosha Mikono Hauawi

Jumapili mbili zilizopita nilitoka kanisani na hasira ambayo sikuingia nayo. Mhubiri alikuwa mgeni, kijana mwenye sauti nzuri, na somo lake lilikuwa 1 Samweli sura ya 15. Sauli anamteka Agagi, mfalme wa Waamaleki, anamwacha hai. Samweli anakasirika, anaagiza Agagi aletwe, anamkatakata kwa upanga kule Gilgali. Mpaka hapo sina neno, yameandikwa. Lakini kijana akafunga Biblia, akatuhamishia Kongo. Akasema waasi wanaokamatwa kule mashariki hawafai kulishwa wala kufungwa, wamalizwe palepale, kwa sababu Sauli alipoteza ufalme kwa kumwonea adui huruma. "Vita havina macho," akasema. Kanisa likaitika amina. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele.

Vigelegele nimevisikia harusini, kwenye ubatizo, siku mjukuu anapotoka hospitali. Sikuwahi kusikia kinachopigwa kwa ajili ya mtu aliyefungwa kamba anayesubiri kuuawa.

Ningeweza kumwachia mhubiri na ujana wake. Tatizo ni kwamba maneno yale si yake peke yake. Nayasikia kwenye daladala, kwa kinyozi, hata msibani wazee wanapoota moto usiku: vita ni vita, havina sheria, ukimkamata adui ni halali yako. Watu wazima wanayatamka bila kupepesa macho, kana kwamba ndiyo hekima waliyoachiwa na mababu. Mababu gani? Mababu zetu ndio waliokuwa mateka.

Mimi ni mtu wa Ruvuma. Mhubiri yule angepanda basi siku moja aende Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, asimame mbele ya lile kaburi la halaiki. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale wapiganaji wa Kingoni. Pamoja na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, hesabu ya walionyongwa inafika 67. Hawakufa vitani. Walikuwa wamekwishakamatwa, mikono imefungwa, mikuki imechukuliwa. Kilichoitwa hukumu kilitolewa na maofisa walewale waliokuwa wakipigana nao. Kisha kamba.

Sasa naomba nijibiwe, na nataka jibu la moja kwa moja. Kama adui aliyekamatwa ni halali ya aliyemkamata, Wajerumani walikosea nini Songea? Waliwakamata maadui zao, wakawamaliza. Walifanya hasa kile ambacho kanisa letu lilikiitikia amina. Kwa nini basi kila Februari tunakwenda kuweka mashada na mikuki, tunalia, tunawaita mashujaa? Kwa nini tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama palepale Songea mbele ya wajukuu na vitukuu wa walionyongwa akaomba msamaha? Aliomba msamaha wa nini, ikiwa vita havina macho? Huwezi kuwalilia mateka wa mwaka 1906 huku unawapigia kigelegele wauaji wa mateka wa leo. Chagua kimoja.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1906 sheria ilikuwepo. Mkataba wa Hague wa 1899, ambao Ujerumani ilikuwa imeukubali, ulikataza waziwazi kumuua adui aliyeweka silaha chini na kujisalimisha. Wakubwa wa Ulaya walijiwekea sheria hiyo wao kwa wao. Mngoni hakuhesabiwa. Aliitwa mwasi, na neno hilo moja likatosha kumtoa katika ubinadamu. Nusu karne baadaye Waingereza walifanya vilevile Kenya. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, akashtakiwa kwa kukutwa na bastola, kana kwamba ni jambazi wa mjini, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuwa mfungwa wa vita, walisema, kwa sababu hapakuwa na vita, palikuwa na hali ya hatari. Ukitaka kumuua mtu uliyemfunga, unaanza kwa kumbadilishia jina. Kwa hiyo mhubiri wangu aliposema "hawa si wanajeshi, ni waasi", nilisikia sauti ya afisa wa Kijerumani ikitoka kwenye kipaza sauti cha kanisa la Waswahili.

Kwa maandishi mlango huo ulikuwa umekwishafungwa tangu mwaka 1949. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti mwaka huo imekubaliwa na mataifa yote, yetu yakiwemo. Mkataba wa tatu wote unahusu wafungwa wa vita. Na kifungu cha 3, kinachofanana katika mikataba yote minne, kiliandikwa kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi, vita vya waasi na serikali. Kinamkinga kila aliyetupa silaha, aliyejeruhiwa, aliyekamatwa. Kinakataza kumuua, na kinakataza kumnyonga bila hukumu ya mahakama halali yenye haki zake zote. Hakisemi mateka asishtakiwe. Aliyebaka na ashtakiwe, aliyechoma kijiji na ashtakiwe. Ila apelekwe mahakamani akiwa hai.

Wapo wanaosema sheria hizo ni karatasi tu. Anton Dostler, jenerali wa Ujerumani, alikuwa na mawazo hayo. Machi 1944 nchini Italia aliamuru wapigwe risasi askari 15 wa Marekani waliotekwa wakiwa wamevaa sare zao. Vita vilipokwisha alijitetea kwamba alitii amri ya wakubwa. Mahakama ya kijeshi ilikataa utetezi huo, na tarehe 1 Desemba 1945 akafungwa kwenye nguzo na kupigwa risasi. Na hapa kwetu, Arusha, tuliishi miaka mingi na Mahakama ya Rwanda. Moja ya mambo yaliyozungumzwa humo ni askari kumi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walionyang'anywa silaha na kuuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimhukumu Meja Bernard Ntuyahaga miaka 20 jela kwa ajili yao. Na waliowaua walijua walichokuwa wakikitafuta: Ubelgiji iliondoa kikosi chake, na wauaji wakabaki na wananchi peke yao. Hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana kwa kuua watu wasio na silaha.

Nilimfuata mhubiri baada ya ibada. Nilimwamkia, kwa sababu ni mtumishi, nikamuuliza swali la Songea. Hakulijibu. Alisema, "Sasa mzee wangu, nani atawalisha hao?"

Nani atawalisha! Yaani hoja ya kumuua binadamu aliyefungwa ni bei ya unga. Jeshi lina fedha ya vifaru, ya mafuta, ya risasi, ya makombora, lakini likifika kwenye sahani ya ugali na maharage linaishiwa. Kwa hesabu hiyo tungeanza na magereza yetu, tuendelee na hospitali, tumalizie na wazee wasiolima tena. Mtu anayesimama madhabahuni akakadiria uhai kwa debe la mahindi arudishe joho alilopewa.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alipigana Vita ya Kagera. Hakuwa msemaji, lakini kisa kimoja alikirudia mara nyingi. Walikuwa wamekwishapita Masaka, mwanzoni mwa 1979. Asubuhi, kutoka kwenye migomba, akajitokeza askari mmoja wa Amin, mikono juu, shati amelifunga kwenye kijiti. Mwenzao mmoja akakoki bunduki. Usimlaumu haraka kijana yule: walikuwa wamepita Kagera, wameona nyumba zilizochomwa na raia waliouawa. Sajini wao akausukuma mtutu ukaelekea chini. Akampa yule mtu maji. Akamhoji, na hawakuhitaji mkalimani, maana Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za mkoloni. Mateka akawaonyesha wapi barabarani pametegwa bomu.

Halafu kesho yake wakatoka wengine tisa. Walikuwa mlemle kwenye migomba muda wote, wanatazama. Walikuwa wanasubiri kuona yule wa kwanza atafanywa nini.

Hiyo ni mitutu tisa ambayo haikufyatuliwa dhidi ya baba yangu mdogo. Alirudi nyumbani, akaoa, akazaa watoto watano, nami nikapata binamu. Sasa mweke mhubiri wetu mahali pa yule sajini. Wa kwanza anapigwa risasi mikono ikiwa juu. Wale tisa wanaona. Wanafanya nini? Wanalala chini, wanapigana mpaka risasi ya mwisho, kwa sababu wameonyeshwa kwamba kufa ni kufa. Na risasi hizo zinakwenda vifuani mwa vijana wetu. Kila anayesema mateka auawe anatuagizia majeneza sisi wenyewe, na kwa kawaida yeye hana mtoto jeshini.

Tena si lazima nirudi nyuma hadi 1979. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wanajeshi wa SADC walibaki wamezungukwa ndani ya kambi zao. Walikuwa wa Afrika Kusini, wa Malawi, na wetu. Watanzania wawili walikuwa wamekwishapoteza maisha. Waliobaki walikaa miezi mitatu katika hali ile, ndipo walipoanza kuondoka, mwishoni mwa Aprili, kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Siwapambi M23, wanatuhumiwa kuua watu wasio na silaha, na siku moja wajibu. Lakini katika miezi ile mitatu kulikuwa na mama hapa Tanzania aliyelala na kuamka akiomba kwamba yule mwenye bunduki langoni kwa mwanawe asiwe na imani kama ya mhubiri wetu. Huenda alikuwa ndani ya kanisa lile. Huenda aliisikia amina.

Mwenyewe nadhani ugonjwa huu hatukuupata vitani. Tumeulea mitaani. Mtoto anaiba simu, anakimbizwa, anakamatwa, anakaa chini analia, na ni hapo sasa, akiwa amekwishakamatwa, ndipo matofali yanapoanza na tairi linapoletwa. Kesho yake magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali". Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari na hata mimi nimewahi kuliandika neno hilo, na naliona aibu, kwa sababu linawapa wauaji sifa badala ya kosa. Aliyekwisha kukaa chini hana tena mbio wala kisu. Anayemchoma hamzuii na lolote.

Na hizi video. Kwenye kundi la familia yetu la WhatsApp mtu alituma mateka wa Kongo waliopangwa mstari, wamevuliwa mashati, wanatukanwa, mmoja anavuja damu sikioni. Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Mkataba wa tatu wa Geneva, kifungu cha 13, unataka mfungwa wa vita akingwe dhidi ya matusi na macho ya watu wenye kiu ya kutazama. Wanaotuma wanadhani wanapasha habari. Wale watu wana mama zao, na mama zao wana simu.

Jirani yangu Mwislamu, nilipomsimulia mahubiri yale, alinikumbusha mateka sabini wa vita vya Badri. Wengi waliachiwa kwa fidia, na wasiokuwa na mali lakini wenye kujua kusoma waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi, kisha waende zao. Akanionyesha pia sura ya 76 ya Kurani, aya ya 8, inayowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Nani atawalisha? Jibu lilikuwepo.

Na katika Biblia yetu limo vilevile, vitabu vichache tu baada ya Agagi. Majeshi ya Shamu yanatiwa upofu na kuongozwa mpaka katikati ya Samaria. Mfalme wa Israeli anawaona wako mkononi mwake, damu inamchemka, anamuuliza Elisha kama awapige. Anauliza mara mbili. Nabii anamkataza, anaamuru watengewe chakula na maji. Mfalme anawaandalia karamu kubwa, wanakula, wanakunywa, wanarudi kwa bwana wao.

Mchungaji, ni 2 Wafalme, sura ya 6. Jumapili ijayo fungua hapo, mbele ya watu walewale, uanzie aya ya 21. Usiishie kwenye chakula. Soma mpaka mwisho wa aya ya 23, panapoeleza kama wale wavamizi waliwahi kurudi.