Staa na Vunjajungu Wake: Wiki Mbili Mtu Anatoka Masta?

Kuna staa mmoja wa Bongo Muvi, jina liwekwe kando, katupia klipu kakunja viganja kama ndoano, jicho kali, muziki wa Kichina kwa nyuma. Eti huo ni mtindo wa vunjajungu, na sasa anafungua darasa la kulipia: wiki mbili, mtu anatoka masta na cheti juu. Mashabiki moto, laiki kama mvua.

Haki yake apewe, viganja kavikunja vizuri. Tatizo liko chini. Kasimama wima kama anasubiri daladala.

Kung fu ya vunjajungu asili yake ni Shandong, kaskazini mwa China. Hadithi ya wenyewe inasema jamaa aitwaye Wang Lang, kachoka kupigwa, alimwona vunjajungu akimshinda nyenje, akakaa kumsoma. Mikono akaichukua kwa mdudu, miguu akaichukua kwa nyani. Iwe kweli iwe chumvi, hapo kwenye nyani ndipo penye kazi. Mkono mmoja unanasa mkono wa mpinzani na kuuvuta, wa pili unapiga muda huohuo. Bila miguu inayohama haraka, anayevuta anajiletea ngumi usoni mwenyewe.

Ndiyo maana mwanafunzi huanza na mabu, kusimama kama kapanda farasi, magoti yamekunjwa, mapaja yanawaka. Halafu anarudia Beng Bu, mfululizo wa mwanzo mwanzo, asubuhi hadi jioni. Inachosha na haina kiki. Wiki mbili ni za miguu kuzoea maumivu tu.

Kuigiza ni kitu kingine, hapo ruksa. Jackie Chan alicheza nyoka na paka kwenye Snake in the Eagle's Shadow, 1978, watu wakacheka. Ila yule alianza mazoezi tangu utotoni, kwenye shule ya opera ya Kichina Hong Kong, karibu miaka 10.

Wanaouliza bei kwa huyu staa wengi ni madogo, wengine wanaandika kabisa kwamba wanaonewa mtaani. Dogo kama huyo akipewa cheti ataamini vidole vyake, halafu akutane na kibaka mwenye kisu. Pale hakuna wa kusema "kata".

Staa ajibu basi: yeye kafundishwa na nani, kwa miaka mingapi? Klipu nzima mwalimu hajatajwa hata mara moja.