Dhamana Si Karatasi Tu

Novemba 2022 kampuni ya Ford ya Marekani iliita magari zaidi ya 500,000 ya Escape na Bronco Sport, kwa kuwa injekta huweza kupasuka, petroli ikamwagikia injini yenye moto. Haikubadili injekta, ilitia programu ya kugundua uvujaji na bomba la kuondoa petroli. Julai 2025 ikaita tena zaidi ya 690,000 kwa kosa lile lile.

Sisi twasema: kukinga ndoo chini ya paa livujalo si kuezeka. Dhamana ni ahadi ya kuondoa kosa. Mfanyakazi mwenye gari na adai hati ya kila tengenezo, kwani sheria za majimbo ya huko huhesabu marudio hayo, na mwishowe humlazimu mtengenezaji kurudisha fedha au kutoa gari jingine. Asiyeziba ufa na ajenge ukuta kwa fedha zake.