Diwali ya Maskati yanukia bahari

Kila Oktoba au Novemba Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikifika, tunasimuliwa kisa kilekile: mungu Rama kamshinda shetani Ravana, karejea kwao Ayodhya, watu wakamwashia taa. Si uongo, lakini kwa Mabaniani wa Maskati, wafanyabiashara wa Kihindu waliotoka Gujarat, kisa hicho hakitoshi. Mfanyabiashara wa Kigujarati usiku ule humwabudu Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na Lakshmi alitoka baharini. Miungu na mashetani waliipekecha bahari ya maziwa wakitafuta kinywaji cha kutokufa. Mpekecho wao mlima Mandara, kamba yao joka Vasuki, huku wanavuta, kule wanavuta. Ikatoka sumu kwanza. Mungu Shiva akaibugia, akaizuia kooni, koo likageuka buluu. Baadaye ndipo Lakshmi akaibuka juu ya yungiyungi.

Kisa hiki kinamfaa mtu ambaye mali yake imo chomboni. Mabhatia, Mabaniani wa Kutch, walivuka kutoka bandari ya Mandvi hadi Mutrah, bandari ya Maskati; wengine wakafika Unguja, ambako katika karne ya 19 Jairam Shivji aliikodi forodha ya Sultani Seyyid Said. Diwali huja mvua za kusi zilizofunga bandari za India magharibi zikishakwisha, kaskazi ikikaribia. Usiku huo daftari jipya la hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi na kutiwa alama nyekundu kabla ya kuandikwa deni hata moja. Hata hekalu la Shiva lililo karibu na kasri la Al Alam, Maskati, huitwa Motishwar; na moti kwa Kigujarati ni lulu.

Atatokea wa kusema naigeuza ibada kuwa hesabu ya duka. Mbona mabaharia wetu walisoma Fatiha kabla ya kutweka tanga, na hakuna aliyewaambia wanafanya biashara? Hoja nzito zaidi ni kwamba Wahindi wengi wa Oman leo ni vibarua, wauguzi na makarani, wasio na jahazi wala daftari. Na Mtamil katika Diwali husherehekea mungu Krishna kumuua shetani Narakasura. Hilo nalikubali. Ninalolisema ni la nyumba kongwe za Mutrah, zilizoileta sikukuu hii kwa tanga. Na anayehofia imani yake, kukijua kisa si kukiamini. Sisi wa pwani tulisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tulimjua dukani tu. Nyuma ya mizani yake palitundikwa picha ya mwanamke juu ya yungiyungi, sarafu zikimdondoka mkononi, nasi tukaiona pambo.